Somo: Namna ya kuutambua uyoga wa jeli kwenye magogo

Saa yake ni asubuhi baada ya mvua ya usiku, Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba. Msitu wa Karura, Nairobi, una magogo ya kutosha. Hata uzio wa mbao nyumbani unafaa.

Kwanza, tazama mti kabla ya uyoga. Gogo lina gome au limebaki uchi? Limepasuka wapi?

Pili, uguse taratibu. Wa jeli huteleza na kuvutika kama gegedu. Ukimeguka kama mkate, huo ni wa jamii nyingine.

Tatu, umbo. Wa kahawia wenye sura ya sikio, wenye vinyweleo vifupi mgongoni, ni Auricularia. Wa rangi ya chungwa, vijiko vidogo vya sentimita moja au mbili vilivyojipanga kwenye nyufa za mbao, mara nyingi ni Dacryopinax spathularia. Ukiwa na hadubini utaona chembe zake za kuzalia zimegawanyika kama panda ya manati. Huwa nafurahi kila nikiiona. Wenye mikunjo kama utumbo, mweupe au wa manjano, huenda ni Tremella. Huu haulishwi na mti, hunyonya kuvu mwenzake aliye ndani ya gogo hilo hilo, kwa hiyo chunguza pia kilichoota kando yake.

Nne, na hapa ndipo wengi hukosea: ukikuta kigamba kikavu cheusi, usikipite. Kidondoshee maji, zunguka, rudi baada ya nusu saa. Kitakuwa kimevimba na kulainika. Uyoga huu hukauka jua likiwaka bila kufa, na ukilowa huendelea kumwaga mbegu zake. Ndiyo maana nawasihi mrudie gogo lile lile wiki baada ya wiki.

Tano, piga picha juu, chini na pale uyoga ulipojishikiza kwenye mti, sarafu ya shilingi kumi ikiwa kando. Andika tarehe na aina ya mti. Usiung'oe.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimeona ute wa kahawia kwenye mgrevilea. Ni wenyewe?
Weka kidogo kwenye maji, ndugu yangu. Gundi ya mti mara nyingi hunata vidoleni na kupoteza umbo. Uyoga huvimba lakini hubaki na umbo lake.

Vijiko vya chungwa vimeota kwenye nguzo ya lango langu. Nikivikwangua nguzo itapona?
Hapana, dada. Unachokiona ni tunda tu. Nyuzi za kuvu ziko ndani na tayari zinaozesha mbao. Zuia maji yasituame hapo, na udongo usigusane na mbao. Ikiwa kisu kinazama kwa urahisi, badilisha nguzo.

Sikio la mti si huliwa?
Auricularia huliwa, Wachina wameulima kwa karne nyingi. Lakini somo hili ni la macho. Usiule kwa kulinganisha picha, hata mkiwa watatu mnaokubaliana.