Pipa la taka la mtaani likitoboka, ligeuzeni kuwa pipa la mboji

Mapipa ya chuma ya lita 200 yanayowekwa sokoni na stendi huanza kuoza kitakoni, kwa sababu maji machafu ya taka hutuama pale. Ubavuni pipa mara nyingi huwa bado zima. Basi kabla halijauzwa kama chuma chakavu, ongeeni na serikali ya mtaa au uongozi wa soko (ni mali ya umma, msijichukulie tu), kisha mligeuze kuwa pipa la kutengenezea mboji, yaani mbolea ya mabaki ya mimea yaliyooza.

Kateni kitako chote kilichooza. Kwangueni kutu ya ndani kwa brashi ya waya, osheni kwa maji ya moto na sabuni, kisha toboeni matundu ubavuni ili hewa ipite. Lisimamisheni juu ya udongo, penye kivuli. Tangulizeni vijiti vikavu, halafu maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, kila tabaka lifunikwe kwa majani makavu au maranda ya mbao. Likianza kunuka, ongezeni vikavu na mgeuze mchanganyiko wa ndani.

Rangi ya zamani msiichome wala kuipiga msasa. Baadhi ya rangi zina madini ya risasi (ledi), na hiyo ni sumu mbaya hasa kwa watoto. Na pipa lililowahi kubeba dawa za mashamba au kemikali, msilitumie kwa mboji hata likioshwa vipi.

Pipa la plastiki lililopasuka, tazameni alama yake: lenye namba 2 ndani ya pembetatu hununuliwa na wanaorejeleza plastiki. Lisafisheni kwanza, mng'oe magurudumu na kuyafunga kwenye pipa jingine.