Kuchoma bambo kwenye herufi milioni moja

Sokoni Mgandini, hapa Tanga, mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini. Anachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, mahali pawili patatu, anatazama punje, anaamua. Leo tufanye hivyo kwa herufi.

"Lugha" katika somo hili la sayansi ya kompyuta ni kundi la mifuatano ya herufi inayotii kanuni fulani; si Kiswahili wala Kidigo. Kanuni yetu: mfuatano usomeke sawa mbele na nyuma, kama "ini" au "ama". Unao wa herufi 1,000,000 na hutaki kuusoma wote.

Hatua ya 1. Amua ubovu ni upi. Wengi huteleza hapa. Bambo halitafuti punje moja iliyooza. Linatenganisha gunia safi na gunia lililoharibika. Tuseme mfuatano mbovu ni ule usioweza kutii kanuni mpaka ubadilishe angalau herufi 10,000.

Hatua ya 2. Bahatisha namba kati ya 1 na 500,000, kila namba iwe na nafasi sawa ya kutokea. Linganisha herufi ya nafasi hiyo na mwenzake akihesabiwa kutoka mwisho. Zikitofautiana, kataa papo hapo.

Hatua ya 3. Rudia mara 200. Zote zikilingana, kubali.

Kwa nini 200? Jozi ni 500,000, na katika mfuatano mbovu jozi zisizolingana hazipungui 10,000, yaani 2 katika kila 100. Nafasi ya kuzikosa zote mara 200 haifiki asilimia 2. Umesoma herufi 400 tu! Na mfuatano uwe wa bilioni, kwa kiwango kilekile cha ubovu, bado ni 200.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Je, mfuatano safi unaweza kukataliwa kwa bahati mbaya?*

Marahaba. Hauwezi kabisa. Kosa liko upande mmoja tu, wa kukubali kibovu.

*Mwalimu, kila lugha inapimika hivi?*

La. Mwaka 1999 watafiti Alon, Krivelevich, Newman na Szegedy walithibitisha kwamba lugha zote zinazotambuliwa na mashine yenye hali chache zisizoongezeka (yaani kumbukumbu yake haikui hata mfuatano ukirefuka) hupimika kwa idadi ya herufi isiyotegemea urefu. Lakini walionyesha pia kwamba ukiunganisha mifuatano miwili ya aina yetu, kila mmoja ukisomeka sawa mbele na nyuma, idadi hukua angalau kama kipeuo cha pili cha urefu. Hujui kiungo kiko wapi, kwa hiyo ukishika herufi hujui mwenzake ni yupi.