Shimano, SRAM au Campagnolo? Jinsi ya kuchagua gia za baiskeli ya mbio bila kutupa pesa

Kijana mmoja wa hapa Nairobi aliniletea fremu ya mtumba pamoja na mfuko wa vipuri alivyonunua kwa watu watatu tofauti: leva za kubadilishia gia za Shimano 105 (105 ni jina la modeli), deraila ya nyuma ya SRAM (kifaa kinachohamisha cheni), kaseti (sproketi za gurudumu la nyuma) na cheni. Kila kipande kilikuwa kizima, lakini vilipofungwa pamoja gia hazikutulia hata kidogo. Swali lake lilikuwa "kampuni gani ni bora?" Hilo si swali la kwanza. Mwendesha baiskeli wa Slovenia, Tadej Pogačar, alishinda Tour de France 2020 na 2021 kwa Campagnolo, timu yake ikahamia Shimano 2023, na mwaka 2024 akashinda tena: si jina la kampuni linaloamua.

Nadhani unajua kufungua kaseti na kukata cheni, kwa hiyo hayo siyaelezi.

Hatua ya 1: Anza na gurudumu la nyuma

Kaseti za Shimano na za SRAM zenye gia 8 hadi 11 huvaa habu (kitovu cha gurudumu) ya aina moja. Campagnolo ina habu yake, kwa hiyo ukihamia huko uwe tayari kubadilisha na gurudumu. Kaseti za SRAM za AXS (gia zake za umeme) ambazo sproketi yake ndogo ina meno 10 zinadai habu ya aina nyingine, XDR. Habu ya Shimano ya gia 11 ni ndefu kuliko ya gia 10 kwa milimita 1.85; ukiivalisha kaseti ya gia 10, tia washa ya unene huo nyuma yake, la sivyo kaseti itacheza.

Hatua ya 2: Unapanda wapi?

Kama unakwenda Ngong au Limuru, kwenye miinuko, usidanganywe na picha za kaseti ndogo za mashindano. Chukua sproketi za meno 50 na 34 mbele, na kaseti ya meno 11 hadi 34 nyuma. Kisha piga hesabu kama deraila itaweza: tofauti ya meno ya mbele (16) jumlisha tofauti ya nyuma (23) ni 39. Deraila ya 105 R7000 yenye mkono mrefu inabeba 39 hasa. Yenye mkono mfupi inaishia sproketi ya meno 30.

Hatua ya 3: Shika leva kwa mkono wako

Shimano: kubadilisha gia, leva ya breki yenyewe inasukumwa kwa ndani, na kileva kidogo nyuma yake kinarudisha. Campagnolo: kileva nyuma ya breki, na kitufe cha kidole gumba upande wa ndani. SRAM ya kebo: kileva kimoja tu. Kwa mkono wa kulia, ukikigusa kidogo unapata gia nzito, ukikisukuma sana unapata nyepesi. Mimi siupendi mtindo huu. Ukiwa hoi mlimani ukasukuma nusunusu, badala ya nyepesi inakuingilia nzito, na hapo miguu inakata. Wapo wanaoapa kwamba hakuna kama huo. Jaribu ya rafiki kabla hujalipa.

Hatua ya 4: Leva na deraila ya nyuma lazima zielewane

Hapa ndipo kijana wetu alipokwama, na hapa ndipo mafundi wengi humaliza mchana mzima.

Kila ukibofya, leva huvuta kebo kipimo fulani. Deraila nayo ina uwiano wake: ikivutwa milimita 1, yenyewe inasogea kiasi gani? Deraila za barabarani za Shimano za gia 8, 9 na 10 za zamani husogea takriban milimita 1.7. Za SRAM za kebo za gia 10 na 11, takriban 1.3. Za Shimano za gia 11, takriban 1.4.

Sasa piga hesabu. Leva ya 105 ya gia 10 huvuta kama milimita 2.3 kwa kila mbofyo. Kwa deraila yake inapata karibu milimita 3.9, ambayo ndiyo nafasi kati ya sproketi na sproketi. Kwa deraila ya SRAM inapata kama 3 tu. Yaani kila mbofyo unapungukiwa karibu milimita moja, na ukifika mbofyo wa nne umeachwa nyuma sproketi nzima. Dalili yake ni hii: gia ya kwanza safi, ya pili inakwaruza, katikati cheni inarukaruka. Fundi akikaza kebo, katikati panatulia na mwisho panaharibika. Akilegeza, inakuwa kinyume. Ukiona hivyo acha kuzungusha skrubu, ukasome nambari nyuma ya vipuri. (Kabla ya hapo, hakikisha kile kipande cha alumini kinachoshika deraila kwenye fremu hakijapinda, maana dalili zake zinafanana.)

Nambari za Shimano: 105 ya gia 10 ni 5600 na 5700, Ultegra (modeli nyingine) ni 6600 na 6700. Za gia 11 ni 5800 na R7000, 6800 na R8000. Usichanganye makundi haya mawili. Mtego mkubwa ni Tiagra, nayo modeli ya Shimano. Tiagra 4600 ina gia 10 na ni ya kundi la zamani. Tiagra 4700 nayo ina gia 10, lakini mvuto wake ni wa kizazi kipya, haielewani na deraila za gia 10 za zamani. Muuzaji akikuambia "ni Tiagra, ten speed", hajakuambia kitu.

Kuna mchanganyiko mmoja ninaoupenda: leva za barabarani za gia 10 za zamani pamoja na deraila ya baiskeli ya mlimani ya gia 9, kama Deore M591. Mvuto ni uleule, na unapata sproketi ya meno 34 kwa bei ya mtumba. Deraila ya mlimani ya gia 10 haifai, uwiano wake ni mwingine.

Kaseti na cheni hazina ugomvi huo. Kaseti ya SRAM ya gia 10 na cheni ya KMC ya gia 10 zitaenda vizuri na leva za Shimano. Kwa gia za kampuni za Kichina, L-Twoo au Sensah, nunua leva na deraila za kampuni moja. Gia za umeme, AXS ya SRAM na Di2 ya Shimano, hazichanganyiki kabisa.

Hatua ya 5: Breki za mafuta

Shimano na Campagnolo hutumia mafuta ya madini, leva za barabarani za SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari. Ukikosea, mipira ya ndani inavimba na breki imekufa. DOT 4 au 5.1 utaipata duka lolote la spea za magari Kirinyaga Road. Mafuta ya madini ya breki itabidi uagize mapema.

Hatua ya 6: Kununua

Mimi nachagua Shimano, 105 au Tiagra 4700, kwa sababu hapa kwetu leva ikivunjika wiki ya mashindano nitaipata nyingine kwa simu moja. Campagnolo ni nzuri kuitazama, ila vipuri vyake vidogo nimevingoja mno. SRAM ninaichukua ikija seti kamili tu.

Ukinunua mtandaoni, omba picha ya nambari za nyuma ya deraila na za chini ya leva, si picha ya nembo. Asipotuma, tafuta muuzaji mwingine.