Namna ya Kuchagua Boya la Kukalia la Kuvulia Samaki kwa Bei Nafuu

Mvuvi wa ndoana anayesimama ukingoni mwa Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, hutambua mapema kwamba samaki wengi wako mbele ya pale mshipi wake unapoishia, ng'ambo ya ukanda wa mafunjo ambao mguu hauwezi kuupita. Kukodi mtumbwi kila siku ya mapumziko ni gharama, na kununua mashua ni gharama kubwa zaidi, kwa kuwa mashua hudai pia mahali pa kuiegesha na mtu wa kuilinda. Kati ya kusimama ukingoni na kumiliki mashua kuna chombo kidogo ambacho wavuvi wa Marekani na Ulaya wamekitumia kwa miaka mingi, nacho ni boya la kukalia: mfuko mnene wa upepo wenye kiti katikati, ambamo mvuvi huketi huku miguu yake ikining'inia majini, akajisukuma kwa mapezi ya mpira aliyoyavaa miguuni, na mikono yake ikabaki huru kushika fimbo. Likitolewa upepo hukunjwa likaingia mkobani, na kwa kuwa mengi yana uzito wa kilo 4 hadi 8, hubebeka hata kwa bodaboda.

Hapa Uganda chombo hiki bado ni kigeni, na mnunuzi hupata shida ya kulinganisha kwa sababu mara nyingi hana jirani aliyekwisha kukitumia. Nimeyatumia maboya ya namna mbili, moja la mtumba na moja jipya, na jambo ninalotaka msomaji alishike ni kwamba unafuu utafutwe kwenye mifuko ya pembeni, rangi na mapambo, wala usitafutwe kamwe kwenye mfuko wa upepo, vali, kiti na mapezi.

Maji kwanza, boya baadaye

Kwa kuwa miguu ya mvuvi huwa ndani ya maji muda wote, swali la kwanza halihusu bei. Ni lazima ujue utavulia wapi, na kama jibu ni Mto Nile, Ziwa Albert, Ziwa Edward, Ziwa George, Ziwa Mburo au Mfereji wa Kazinga, basi hakuna boya la kukalia linalokufaa kwa bei yoyote ile, kwa sababu huko kuna mamba au viboko, au wote kwa pamoja. Mto Nile una hatari ya pili, nayo ni mkondo: mapezi ya miguuni humpeleka mtu polepole kuliko anavyotembea, kwa hiyo hayawezi kushindana na maji yanayokwenda kasi. Hata sangara wa chini ya Maporomoko ya Murchison, ambao huwavuta wavuvi kutoka nchi za mbali na ambao wengine hupita kilo 50, huvuliwa kutoka ukingoni au kwenye mashua ya injini, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Ziwa Victoria nalo silishauri. Lina upepo unaoweza kubadilika ghafla, mamba wapo katika sehemu zake mbalimbali, na kichocho ni ugonjwa wa kudumu katika fuo zake nyingi. Mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu, na mtu aliyeketi kwenye boya kwa saa tatu huwa ameyapa muda wa kutosha.

Yanayobaki ni maji madogo na matulivu. Ziwa Bunyonyi linasifika kuwa halina mamba, viboko wala kichocho, na ndiyo sababu watalii huoga humo. Maziwa ya volkeno ya upande wa Fort Portal yanapendeza mno, lakini yasichukuliwe kuwa sawa yote, kwani kichocho kimethibitishwa katika baadhi yake. Waulize wenyeji na kituo cha afya cha karibu kuhusu ziwa lile lile unalolikusudia. Mabwawa ya wafugaji wa samaki ndiyo mahali pazuri zaidi pa kujifunzia, ilimradi mwenye bwawa amekubali. Kwa ziwa la umma, pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize masharti ya leseni, kwa maana askari wa doria wakikukuta juu ya chombo wasichokijua, karatasi mkononi hufupisha maelezo.

Umbo

Maboya ya kale yalikuwa tyubu ya tairi la lori iliyofungiwa kitambaa cha kukalia, na hadi leo lipo la duara linalofuata umbo hilo. Ndilo la bei ya chini kuliko yote. Tatizo lake ni kuingia na kutoka, kwa sababu mvuvi hupitisha miguu katika matundu ya kiti kama anayevaa suruali, akiwa tayari amevaa mapezi, na akipatwa na dharura hawezi kujichomoa upesi. Boya langu la kwanza lilikuwa la namna hiyo, nami sitamshauri mtu yeyote alinunue, hata akipewa kwa nusu ya bei.

Lenye umbo la kiatu cha farasi liko wazi mbele, na mvuvi hukaa ndani yake kama anayekaa kitini, kisha akafunga ufito mwembamba mbele yake ili pande mbili zisitanuke. Lile lenye ncha kwa nyuma hukata maji vizuri zaidi, kwani kwenye boya mtu husafiri kinyumenyume, na ncha hiyo ndiyo inayotangulia. Kwa bwawa la samaki, kiatu cha farasi kinatosha. Kwa Bunyonyi, ambako upepo wa mchana huweza kumsukuma mvuvi mbali na alikotokea, ningeongeza fedha kidogo ninunue lenye ncha.

Mfuko wa upepo na ganda lake

Boya la kawaida lina sehemu mbili: mfuko wa ndani unaoshika upepo na ganda la kitambaa linaloulinda. Kitambaa hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Chini ya denia 420 nisingenunua, na 600 ni nzuri kwa mazingira yetu yenye mawe ya volkeno, visiki na miiba. Angalia zipu kwa makini. Zipu ya chuma hupata kutu, kisha humng'ang'ania mtu siku mfuko unapohitaji kutolewa uzibwe, kama ilivyonitokea. Ya plastiki yenye meno makubwa hudumu zaidi.

Mfuko wa ndani wa bei nafuu huwa wa PVC, aina ya plastiki, na wa bei ya juu huwa wa yurethani, plastiki nyingine ambayo ni nyepesi na ngumu zaidi. PVC si mbaya ikiwa ni nene, lakini kuna jambo ambalo mafundi wetu wengi wa baiskeli hawana budi kuelezwa: gundi ya kuzibia tyubu za mpira haishiki PVC ipasavyo. Nunua gundi ya PVC na vipande vya viraka pamoja na boya lenyewe, uviweke mkobani, usisubiri kuvitafuta Kabale, mji ulio karibu na Bunyonyi, jioni ya Jumamosi.

Hesabu vyumba vya upepo. Boya linalostahili kuitwa salama lina angalau viwili visivyopitishiana, ili kimoja kikitoboka kingine kikurudishe ukingoni. Katika maboya mengi ya bei nafuu chumba kikubwa ni kimoja tu, na cha pili ni mfuko wa kuegemea mgongo. Hilo linakubalika iwapo egemeo hilo ni nene na lina vali yake lenyewe. Vitu vya kuchezea katika bwawa la kuogelea, hata vikiandikwa kuwa ni vya uvuvi, havina ganda wala chumba cha akiba, na ndoana moja huvimaliza.

Vali nayo iwe pana, yenye kifuniko cha kukaza kwa kuzungusha, kwani ile nyembamba ya kupuliza kwa mdomo huchosha wakati wa kujaza na huchelewesha wakati wa kutoa upepo. Pampu ya mguu yatosha. Usilijaze boya Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kisha ukalifunga juu ya gari hadi Bunyonyi, iliyo karibu mita 1,960, kwa sababu upepo wa ndani hutanuka kadiri hewa ya nje inavyopungua uzito, na mishono huweza kuachana njiani. Jua hufanya vivyo hivyo: boya lililokazwa asubuhi na kuachwa juani mchana huvimba, na likiingizwa tena katika maji ya baridi hulegea, jambo ambalo wanunuzi wengi hulidhania kuwa ni tundu.

Kiti na uzito

Wauzaji hutangaza uzito ambao boya linaweza kuubeba, mara nyingi kilo 113 au 136, namba zinazotokana na ratili 250 na 300. Namba hiyo hujumlisha kila kitu: mwili, nguo zilizolowa, kisanduku cha ndoana, chakula na samaki. Mimi hupunguza sehemu moja ya tano kwanza, ndipo nikajipima. Kwa hiyo boya la kilo 113 nalihesabu kuwa la kilo 90, na mtu mwenye kilo 80 akiongeza vifaa vyake amekwisha kufika ukomo. Boya linaloelemewa halizami papo hapo, lakini hushuka, na hapo ndipo kiti kinapokuwa jambo kubwa.

Kiti cha wavu kilichoshonwa chini humweka mvuvi maji yakiwa kiunoni. Kiti kinene cha sponji au cha upepo humwinua hadi maji yakaishia mapajani. Tofauti hiyo ya sentimita chache huonekana ndogo dukani, ila Bunyonyi ni nchi ya baridi, na mtu aliyekaa kiunoni majini alfajiri huanza kutetemeka kabla samaki hawajaanza kula. Nilivumilia baridi hiyo msimu mzima kwa kudhani ndivyo uvuvi huu ulivyo, hadi nilipokalia boya lenye kiti cha juu nikajua kwamba nilikuwa nateseka kwa sababu ya akiba ndogo. Kiti cha juu pia humsaidia mvuvi kurusha mshipi mbali na kuona juu ya mafunjo. Kama fedha zinakuruhusu kuongeza jambo moja tu juu ya boya la msingi, ongeza hilo.

Gharama kamili

Huko Marekani boya la msingi lenye ubora wa kuridhisha huuzwa kwa takriban dola 100 hadi 200, lakini bei hiyo isimdanganye mtu wa Kampala. Juu yake kuna nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na wasafirishaji wengine hutoza kwa ukubwa wa boksi badala ya uzito wake. Mwombe wakala wa forodha akupe hesabu yote kabla ya kulipa. Ndugu anayerudi kutoka ughaibuni na mwenye nafasi katika sanduku lake ni njia nafuu zaidi.

Kisha kuna vifaa ambavyo bila hivyo boya halitembei. Mapezi yawe magumu kiasi, yenye mikanda ya kukaza juu ya kiatu, na kila moja lifungwe kamba kifundoni, maana pezi likizama mtu hubaki akizunguka mahali pamoja. Ovaroli ya mpira inayofika kifuani huzuia baridi, na mahali penye shaka ya kichocho huzuia maji yasiguse ngozi, mradi haina tundu. Ifungwe mkanda kiunoni ili mvuvi akipinduka maji yasiijaze. Jaketi la kuokolea maisha halina mjadala. Linunuliwe jipya, la kipimo chako, na livaliwe badala ya kuning'inizwa kwenye boya. Ikiwa fedha hazitoshi kununua boya na jaketi kwa pamoja, nunua jaketi, endelea kuvulia ukingoni, na usubiri.

Mambo yasiyostahili fedha yako katika hatua hii ni mifuko mingi, kishikio cha chupa, kitambaa cha kupimia samaki na mikanda ya kubebea mgongoni, ambayo fundi cherehani yeyote anaweza kuishona kwa turubai.

Likishafika, lijaze ndani ya nyumba na uliache kwa saa 24. Kulegea kidogo usiku kwa ajili ya baridi ni kawaida. Kukunjamana si kawaida. Paka povu la sabuni kwenye vali na kwenye viungo vyote utafute vipovu, na ufanye hivyo kabla muda wa kulirudisha haujapita. Safari ya kwanza iwe katika bwawa ambalo maji yake yanaishia kiunoni, mwenzako akiwa ukingoni. Ingia kinyumenyume, kwa kuwa mapezi hayaruhusu kwenda mbele bila kujikwaa, keti, piga mateke mepesi hadi katikati, kisha ujifunze kufungua ufito wa mbele na kutoka kwa haraka, mara kumi au zaidi, kabla hujabeba fimbo.