Kucheza Gemu za Kompyuta Yako Iliyobaki Tanga
Aliyeiacha kompyuta yake yenye nguvu nyumbani Ngamiani, naye yuko Muheza au Dar es Salaam na kompyuta mpakato nyepesi, anaweza kuendelea na gemu zake zilezile, kwa kuwa kazi nzito ya kuchora picha hufanyika Tanga, yeye akapokea video tu na kurudisha kila kitufe anachobonyeza.

Kabla ya kusakinisha chochote, pima kasi ya kupakia (upload) ya intaneti ya nyumbani, wala usiridhike na ile ya kupakua inayotangazwa zaidi. Video ya 720p yenye fremu 60 kwa sekunde huhitaji takriban megabiti 10 kwa sekunde, na ya 1080p takriban 20. Kwa megabiti 10, saa moja hula GB 4.5, na bando hilo hukatwa pande zote mbili. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya. Hili ninalisisitiza, kwani Wi-Fi inayoyumba huharibu mchezo hata pale kasi inapotosha.

Kwenye kompyuta ya nyumbani sakinisha Sunshine, na kwenye ile ya safari Moonlight. Ya kwanza hutuma picha, ya pili huipokea, na zote ni za bure. Fungua ukurasa wa Sunshine kwa anwani https://localhost:47990, uweke jina na nenosiri, kisha uandike humo tarakimu nne zitakazoonyeshwa na Moonlight. Jaribu kwanza ukiwa ndani ya nyumba, maana picha inayokwama sebuleni haitatulia ukifika Muheza.

Ili kuifikia kompyuta ukiwa nje ya nyumba, kufungua milango (ports) ya ruta sikushauri: kunaianika kompyuta kwa kila mtu, na mara nyingi hakusaidii kitu, kwa sababu mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Sakinisha Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kwenye vifaa vyote viwili kwa akaunti moja, kisha uipe Moonlight anwani ya Tailscale ya kompyuta ya nyumbani, ambayo huanza na 100.

Umeme nao ukatike, ukirudi kompyuta ibaki imezimwa, safari yote imeharibika. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, uiagize ijiwashe umeme unaporejea, uzuie Windows isiilaze, na uiruhusu Tailscale ifanye kazi hata kabla mtu hajaingia kwenye akaunti yake, ili nenosiri la Windows uliandike wewe mwenyewe kutoka huko uliko.