Mawimbi ya mshtuko (tiba ya mashine inayopiga mawimbi ya shinikizo mwilini) kwa maumivu sugu ya kisigino
Mgonjwa alale kifudifudi, mguu ukining'inia nje ya kitanda. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kisigino hadi ashtuke. Hapo hapo weka alama ya kalamu. Paka jeli kwa wingi, maana hewa ikibaki kati ya ngozi na kichwa cha mashine, mawimbi hurudi nyuma. Anza na shinikizo la baa 1.5, panda polepole hadi 2.5 kadiri anavyovumilia: mapigo 2,000, mara moja kwa wiki, wiki 3 hadi 5. Usichome ganzi kabisa! Maumivu yenyewe ndiyo yanayokuonyesha pa kupiga. Mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asifanyiwe. Nafuu kamili huchukua wiki 6 hadi 12, mwambie mapema asije akakata tamaa.