Friji la biashara ya chakula Moshi: anza na joto, lita zifuate

Kila wiki naulizwa: "Fundi, ninunue friji la lita ngapi?" Nimetengeneza mafriji ya mabucha, migahawa na maduka ya maziwa hapa Moshi kwa miaka mingi, na naumia nikiona mtaji wa mtu umeishia kwenye mashine isiyomfaa kwa sababu alianza na swali hilo. Lita zinakuambia vitu vingapi vitaenea. Hazikuambii kama vitapoa. Friji halitengenezi baridi. Linachota joto ndani na kulitupa nje kupitia bomba za nyuma. Kwa hiyo anza kwa kujua unaliingizia joto kiasi gani kila siku, na lina nguvu ya kulitoa kwa kasi gani.

Hatua ya 1: Andika mzigo wako

Kwa wiki moja weka daftari jikoni. Andika kilo zinazoingia, saa zinapoingia, zina joto au zimepoa, na zitakaa siku ngapi. Samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanaofika sokoni wakiwa kwenye barafu ni mzigo mwepesi. Paja la ng'ombe lililotoka machinjioni alfajiri ni mzigo mzito hata kama kilo ni zilezile, maana bado lina joto la mnyama.

Kijana mmoja alifungua bucha Majengo akanunua friza la kulala la lita 400, jipya kabisa. Siku ya tatu aliingiza zaidi ya kilo 70 za nyama kwa mkupuo, mapaja mazima. Kesho yake aliniita. Juu nyama ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini tulipopasua paja, karibu na mfupa palikuwa pametoa harufu. Aliamini ameuziwa friza bovu. Nikamwonyesha kibandiko cha nyuma: uwezo wa kugandisha, kilo 18 kwa saa 24. Friza lilikuwa zima. Alilipatia kazi ya siku nne lifanye kwa usiku mmoja.

Namba hiyo ya kilo kwa saa 24 ndiyo ninayoitafuta kabla ya lita. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Kama mzigo wako wa siku unaizidi, unahitaji mashine kubwa zaidi, au mbili, au ubadilishe utaratibu: nyama itundikwe ipoe kwanza kwenye friji la kusimama lenye feni, nyuzi 0 hadi 4, ikatwe vipande vya kilo mbili tatu, ndipo igandishwe kwa mafungu. Tena nyama inayopozwa kwa kasi mno saa chache tu baada ya kuchinjwa hukakamaa, na wateja wa nyama choma watakuuliza umewapa nini.

Hatua ya 2: Chagua aina kulingana na kazi

Friza la kulala ndilo mkombozi wa mtaji mdogo. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo ukifungua mfuniko haimwagiki kama kwenye friza la mlango wa mbele. Kasoro yake ni kwamba mzigo wa chini unasahaulika, basi panga kwa vikapu na uandike tarehe.

Friji la kioo la soda ni la soda. Kwa kawaida limeundwa kwa nyuzi 2 hadi 8, na taa na kioo chake vinaongeza joto. Naona watu wanaweka kuku wabichi humo ili wapita njia wawaone. Tafadhali usifanye hivyo. Hata kabati la kioo la kuonyeshea nyama limeundwa kutunza baridi ya kitu kilichokwisha kupoa, halina nguvu ya kupoza kitu cha moto.

Mwenye mgahawa ana mtihani wake: chakula kilichopikwa. Mama mmoja wa Kiboriloni aliniita akilalamika kwamba friji lake halilali, linaunguruma usiku kucha. Nikafungua, nikakuta sufuria kubwa la mtori, supu ya ndizi na nyama.

"Shikamoo mama. Hili limeingia lini?"

"Marahaba baba. Jana usiku, tulipofunga. Lilikuwa linafuka, nikaona lisiharibike."

Katikati ya sufuria, asubuhi, kipimajoto changu kilisoma nyuzi 31. Mtori ni mzito, unashika joto. Ugawe kwenye vyombo vifupi, vitie kwenye beseni la maji baridi, koroga. Lengo ni kutoka nyuzi 60 hadi 20 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Mama yule hakuhitaji friji jipya. Alihitaji mabeseni mawili.

Hatua ya 3: Soma kibandiko chote

Tafuta herufi za hali ya hewa. N ni mashine ya mazingira hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Moshi haifiki 1,000, na Januari na Februari mtu wa Moshi haambiwi joto ni nini. Ongeza jiko la mkaa mita mbili pembeni. Hapa chukua T, au ST kama chumba kinapitisha hewa vizuri.

Angalia jina la gesi ya kupozea. R22 iache, inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R600a na R290 ni nzuri na hazili umeme mwingi, ila zinawaka moto, na hujazwa kwa gramu chache zinazopimwa. Fundi asiye na mizani asiziguse.

Kisha piga hesabu ya umeme. Mashine ya wati 250 ikiunguruma saa 14 kwa siku inakula uniti 3.5, yaani 105 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya LUKU kabla hujalipia chochote.

Hatua ya 4: Kama ni mtumba

Usinunue lililowashwa kabla hujafika. Shika kompresa, ile pampu ya gesi iliyo nyuma chini, kwa mkono. Ukiikuta ya moto, mwambie muuzaji alizime, urudi likiwa limepoa, ulione likianza kazi mwanzo. Mafuta mafuta kwenye maungio ya bomba ni dalili ya gesi kuvuja. Bana karatasi mlangoni uivute: ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Volti iwe 230 na hezi 50. La Japani au Marekani lisilolingana na umeme wetu liache, transfoma inarekebisha volti tu, si hezi.

Hatua ya 5: Umeme na mahali

Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha ndani ya bomba haijalingana, na kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa imebanwa. Ndivyo zinavyoungua nyingi. Nunua kilinda friji kinachosubiri angalau dakika tatu. Soketi iwe yake peke yake, yenye waya wa ethi, maana sakafu ya bucha ni maji muda wote.

Acha sentimita 10 au zaidi nyuma, na kila mwezi piga brashi vumbi na mafuta ya jikoni kwenye bomba. Friza lililojaa na kufungwa hutunza mgando saa 48 hivi bila umeme. Lililojaa nusu, saa 24. Pengo lijaze chupa za maji.

Hatua ya 6: Usiku wa kwanza

Likifika kwa gari likiwa limelazwa, lisimamishe saa kadhaa mafuta yarudi kwenye kompresa. Liwashe na chupa za maji tu, na kipimajoto katikati. Asubuhi friza lisome nyuzi 18 chini ya sifuri, friji lisome kati ya 0 na 5. Kama halijafika, piga picha ya kipimajoto pamoja na risiti, na umpigie muuzaji siku hiyohiyo, kabla hata kilo moja ya nyama haijaingia.